Maji Niliyoyameza

Kwanza naomba radhi. Mwandiko wangu umelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na mvua, na nikiandika haraka nachanganya r na l, kwa sababu ndivyo tunavyotamka huku kwetu. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikaishia hapo. Atakayesoma avumilie, na mahali pasiposomeka akisie tu. Kurasa hizi nimeziandika kwa siku tatu.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumbani kwetu. Baba alikuwa askari wa magereza, mtu wa kaskazini. Mama ni wa milimani, juu ya Mbale. Walikutana kwenye nyumba za askari, na lugha waliyoelewana ilikuwa hiyo moja tu, ya amri na paredi. Hapa Jinja ukiongea Kiswahili sokoni, watu wengine hushika mifuko yao. Wanadhani wewe ni mwanajeshi au mwizi. Lakini sisi tulibembelezwa kwa Kiswahili, tukachapwa kwa Kiswahili, na baba alipofariki tulimlilia kwa lugha hiyo hiyo.

Baada ya baba kufariki tulihamia Mpumudde, mtaa wa hapa hapa Jinja, tukabaki watatu: mama, kaka yangu na mimi, dada yake mdogo. Mama ameokoka, tena si kidogo. Kaka alikuwa dereva wa boda. Mimi ni fundi wa nguo. Nina cherehani ya kukanyaga kwa mguu, naiweka kwenye kibaraza cha duka la jirani, nashona sare za shule na busuti. Busuti ni gauni la heshima la akina mama wa huku, lenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni, refu mpaka chini. Tangu utotoni mimi si mtu wa kusema. Wateja wamenizoea. Wanataja wanachotaka, mimi naandika vipimo na kuitikia kwa kichwa. Kaka ndiye aliyekuwa akisema kwa niaba yangu. Mtu akija kugombana kuhusu nguo, kaka anazima pikipiki, anakuja kibarazani, anamchekesha mpaka anasahau alichokijia.

Kulikuwa na mama mmoja mteja wangu, mnene, mcheshi, aliyekaa nyumba ya tano kutoka kwetu. Binti ya kaka yake, huko Budondo, alikuwa anamtambulisha mchumba wake kwa wazazi. Sherehe hiyo huku tunaiita kwanjula, na haifanyiki bila shangazi. Yeye ndiye anayejua mchumba ni nani kati ya wanaume wote waliokuja, yeye ndiye anayemtoa mbele za watu. Shangazi asipokuwepo, wageni wanakaa tu kwenye mahema wakitazamana. Aliniletea kitambaa cha rangi ya zambarau siku ya Jumatatu. Ilikuwa wiki ya kufungua shule, nami nilikuwa na lundo la sare. Busuti yake niliianza Ijumaa.

Jumamosi asubuhi alikuja amekwisha kupaka mafuta na kuvaa hereni. Nguo ilikuwa imeisha yote isipokuwa upindo wa chini. Upindo wa busuti ni mrefu, unazunguka mara nyingi, na unataka subira. Nikapiga bandi kwa uzi mweupe, yaani mishono mirefu ya mkono, ya kushikilia nguo tu kabla ya kuipitisha kwenye cherehani. Bandi si mshono. Mtoto akiivuta, inatoka.

Aliivaa ndani ya duka, akatoka, akaangalia chini.

"Fundi, mbona upindo umekaa hivi?"

"Utashika, mama," nikasema. "Ukirudi nitaumalizia."

"Utashika kweli? Nisije nikamwaga aibu mbele ya wakwe."

"Utashika."

Kaka alikuwa tayari juu ya pikipiki, injini inanguruma. "Mama, panda twende, mchumba atazeeka akikungoja. Kaa upande hivyo hivyo. Lakini usinishike mbavu, nina mtekenyo."

"Mtekenyo wa nini, jitu zima!"

"Na wewe fundi," kaka akanigeukia, "siku moja utamaliza nguo kabla ya sherehe, tutakuchinjia kuku."

Wote wawili walicheka. Mimi nikainama kuokota pini. Waliondoka hivyo.

Yaliyotokea kwenye barabara ya Budondo sikuyaona. Nayajua kwa yale kaka aliyowaambia polisi, na kwa kile nilichokikuta baadaye. Aliwaambia polisi kwamba alikuwa anakimbiza, akapita kwenye shimo, mama yule akaanguka nyuma, kichwa kikapiga lami. Alifia pale pale, kichwa chake kwenye mapaja ya kaka. Kaka alikaa kituoni siku mbili. Ndugu wa marehemu wakaja, wakasema ni ajali, hawana la kumshtaki, wakachukua mtu wao wakaenda kuzika. Kaka akarudi nyumbani kwa miguu.

Siku ya tatu nilikuwa nafua nguo zake. Shati lilikuwa halifuliki tena, mama alikwisha kulifunga kwenye karatasi. Katika mfuko wa suruali nilishika kitu kigumu kilichokunjwa. Kilikuwa kipande cha kitambaa cha zambarau, kirefu kama mkono wangu, kimejaa grisi ya mnyororo, na pembeni yake uzi mweupe unaning'inia. Uzi wangu.

Basi nikaelewa. Hakukuwa na shimo. Upindo uliachia, ukaingia kwenye gurudumu la nyuma, gurudumu likamvuta mama wa watu chini. Na kaka, kabla watu hawajafika, aliung'oa kwenye mnyororo kwa mikono yake, akauficha mfukoni, akawaambia polisi kwamba alikuwa anakimbiza.

Nilikwenda jikoni nikakitia kile kipande kwenye jiko la mkaa. Kilitoa harufu mbaya. Mama akauliza kutoka ndani, "Nini kinaungua?" Nikasema, "Kitambaa cha kushikia sufuria." Huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza. Jioni nilimwona kaka anaipapasa ile suruali kwenye kamba, mfuko huu, mfuko ule. Akanitazama. Mimi nikaingia ndani. Tangu siku hiyo alijua kwamba najua, nami nikajua kwamba anajua, na hakuna aliyesema.

Kisha ugonjwa wake ukaanza. Alikoma kula nasi kwenye sahani moja. Hakuna aliyemkataza, alijitenga mwenyewe, akala kwa kijiko, hata posho, yaani ugali, akiwa amekaa nje ya mlango, mkono wake wa kulia ameufunga kitambaa kana kwamba una kidonda. Hakukuwa na kidonda. Hakulala. Akisikia boda imefunga breki barabarani, jasho linamtoka mpaka shingoni. Mwanamke aliyevaa busuti akipita, anageukia ukuta. Na alikuwa mtu wa mizaha! Wenzake wa stendi walikuja kumwona, wakamwambia, "Afande, rudi kazini, abiria wanakuulizia," kwa maana walimwita afande kwa sababu ya baba. Aliwaitikia kwa kichwa, kama mimi.

Mama alimpeleka kanisani, wakamwekea mikono. Akampeleka hospitali, akapewa vidonge vya usingizi, na muuguzi mmoja mpole akamwambia, "Jaribu kusema kilichotokea, kila kitu, kwa mtu unayemwamini." Kaka akasema amekwisha kusema. Vidonge vilimlaza, lakini aliamka amechoka kuliko alivyolala.

Ndipo bibi yetu alipopiga simu kutoka Mbale. Bibi ni mama yake mama. Sisi tunamwita kukhu, kama wanavyosema kwao. Hakusalimia sana. Alisema, "Mtoto ameshikwa na damu ya mtu, na ninyi mnampa panadol. Mleteni."

"Mama, mimi nimeokoka," mama akajibu. Simu ilikuwa kwenye spika, nasi sote tunasikia. "Siwezi kwenda kunywa maji ya mizimu."

"Nani amekuambia unywe? Yanatemwa."

"Hata kutema."

"Basi njoo na Yesu wako, naye akae pale asikilize. Mahali ni papana."

Kaka akacheka. Kidogo tu, kwa pua, lakini alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichomshinda mama. Wiki hiyo hiyo tukaenda.

Kwa bibi ni juu sana. Ukishuka mjini Mbale unapanda boda mpaka barabara inapokatika, halafu unapanda kwa miguu kati ya migomba na kahawa, na mgongo wa mlima uko juu yako muda wote. Kaka hakutaka boda. Tulitembea njia yote tangu chini, mama akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ndogo.

Bibi ni mfupi, hana meno ya mbele, na hana lolote la kutisha. Jioni ile alitupikia malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa, kwa mchuzi wa karanga, akatueleza utaratibu kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. Alisema mtu ambaye damu ya mwingine imemmwagikia hawi mtu mmoja tena. Yule aliyekufa anakaa naye, si kwa ubaya, ila kwa sababu hajaambiwa kwa nini amekufa. Aliye hai naye hawezi kumwambia peke yake. Lazima wote wanaolala naye chini ya paa moja waseme wanachokijua na walichokificha kuhusu jambo hilo, mbele ya maji. Kila mmoja anajaza mdomo maji, anayashika mpaka neno limjie. Likija, anayatema upande wa bondeni, anasema kabla mdomo haujakauka. Asiye na neno anatema na kusema, "Sina." Hiyo pia ni halali.

"Je, mtu akisema uongo?" mama akauliza.

"Wewe umeokoka miaka mingapi, unaniuliza mimi habari za uongo?"

Mjomba, ndugu yake mama anayekaa na bibi, alicheka mpaka akapaliwa na malewa. Kaka naye akatabasamu. Alikuwa amekaa nje ya mlango na kijiko chake.

Asubuhi, jua halijapanda bado, tulishuka mahali ambapo vijito viwili vinakutana. Maji yanatekwa hapo hapo yanapoungana, si juu, si chini. Mjomba alichinja mbuzi. Bibi akamvua kaka shati, akampaka kifuani na mgongoni yale majani yaliyosagika tumboni mwa mbuzi, ya kijani na ya moto, yenye harufu ya shamba baada ya mvua. Akamfungua kile kitambaa mkononi. Kaka aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Bibi akaupaka nao, kidole kwa kidole, akimwita marehemu kwa neno la heshima, akimwambia, "Mama, hawa hapa. Wasikilize." Mpaka leo siwezi kusema kama niliamini. Nilichojua ni kwamba mahali pale palikuwa na mtu mmoja zaidi.

Bibi akatoa kibuyu. Mjomba alianza, ingawa si wa paa letu, ili kutuonyesha. Alitema, akasema, "Mimi niliposikia, nilisema hawa watoto wa Jinja hawajui kuendesha. Nilisema hivyo mbele ya watu, nikacheka. Nimekosa, mpwa wangu." Kaka akaitikia kwa kichwa.

Mama akafuata. Alishika maji mdomoni muda mrefu, macho ameyafumba, nikajua anaomba. Kisha akatema. "Pikipiki nilinunua mimi," akasema. "Kila mtu anajua. Lakini sikununua kwa upendo. Nilikuwa nimechoka kukuona umekaa nyumbani kama marehemu baba yako alivyokaa mwisho wake. Nilitaka utoke machoni pangu. Nikakutoa." Akaanza kulia, na kaka akamshika bega kwa mkono ule ule, ule wa kulia, akasahau kwamba ana mkono mbaya. Bibi aliona, akatabasamu. Niliwaza, kumbe inafanya kazi.

Kaka akachukua kibuyu. Kwa kawaida mgonjwa anasema mwisho, lakini bibi alimpa kabla yangu. Labda alitaka mdogo amalizie. Kaka alijaza mdomo. Akanitazama. Hakuangalia maji wala bondeni, alinitazama mimi, muda wote maji yakiwa mdomoni, mashavu yamevimba kama ya mtoto. Kisha akatema.

"Nilikuwa nakimbiza," akasema. "Kulikuwa na shimo."

Akaendelea kunitazama. Bibi akanipa kibuyu.

Maji yalikuwa baridi, na yalikuwa na ladha ya jani. Neno lilikuja mara moja, halikuchelewa hata kidogo: upindo. Ilikuwa niseme neno hilo tu, mengine yangekuja yenyewe. Lakini mama alikuwa bado analia, na mjomba ananitazama, na mimi maisha yangu yote sijawahi kuzungumza watu wakiwa wamenyamaza kunisikiliza. Niliwaza watakavyogeuka wote. Niliwaza mama atakavyosema, "Wewe?" Nilifikiri, nitamwambia kaka pembeni, tukiwa wawili. Nikiwa bado nafikiri hivyo, koo langu likafunguka, maji yakashuka. Sikuamua. Yalishuka tu, kama mate ya mtu mwenye njaa.

Nikainama, nikafanya kama natema. Nikasema, "Sina."

Bibi akapokea kibuyu. Kisha akamaliza kazi yake: akamwagia kaka maji yaliyobaki kichwani, akamvalisha shati jipya, tukapanda kwenda kula ile nyama, sote kwenye sinia moja. Kaka alikula kwa mkono. Mama alimshukuru Mungu kwa sauti kubwa, na bibi akasema, "Amina," bila mzaha.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba maji yale hayakufanya kitu. Yalimrudishia kaka mkono wake. Usiku ule alilala bila vidonge, akakoroma mpaka mjomba akalalamika. Na mama, tangu siku ile, hamsimangi tena kwa kukaa bure. Lakini tulipofunga mizigo ya kurudi Jinja, kaka alisema yeye atabaki amsaidie bibi kahawa. Tulidhani ni wiki mbili. Sasa ni mwaka wa pili.

Na mimi ndiye niliyerudi na ugonjwa. Ulianza kooni. Chakula kikifika pale kinasimama, lazima nikisukume kwa maji, na maji yenyewe siku nyingine yanakataa. Nilikwenda hospitali, wakanimulika, wakasema koo ni zima. Yule muuguzi mpole aliniuliza kama kuna jambo limenitokea. Nikatikisa kichwa. Akaandika kitu kwenye kitabu, akasema nikiwa tayari nirudi. Sijui kama kuna roho ya mtu katika vijito vile, au kama ni akili yangu tu inayojua kwamba nilipewa nafasi nikaimeza. Muuguzi angesema ni akili. Bibi angesema ni yule mama. Mimi nimewafikiria wote wawili kwa muda mrefu, na koo halijali ni nani mwenye haki.

Mwezi wa nne mwaka huu nilikwenda Mbale peke yangu. Sikumwambia mama sababu. Nilimkuta kaka kwenye mteremko anachuma kahawa, kikapu kiunoni. Amenenepa kidogo. Ana mikono ya mkulima sasa.

"Fundi," akasema. "Umepotea njia?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Jinja, lakini yalitoka yote kwa mkupuo, bila mpangilio: bandi, uzi mweupe, kipande mfukoni, jiko. Nilisema huku nikichuma kahawa, mbivu na mbichi, natupa zote kikapuni mwake. Nilipomaliza alianza kuzitoa zile mbichi, moja moja.

"Najua," akasema.

"Najua unajua. Nimekuja kusema."

"Siku ile nilikuwa nakungoja." Hakuonyesha hasira. Hasira ingekuwa nafuu. "Nilisema nilikuwa nakimbiza, nikijua wewe ni wa mwisho, utanisahihisha. Nilikuwa nimejiandaa, dada yangu. Ungesema, ningelia pale pale, mbele ya mjomba na kila mtu. Nilikuwa nayasikia machozi hapa." Akagusa chini ya macho. "Ukasema huna. Basi yakarudi."

"Na sasa?"

"Sasa naisikia kama habari ya watu wengine."

"Kwa nini hukusema mwenyewe?"

"Niseme nini? Kwamba dada yangu?" Akatikisa kichwa. "Lile lilikuwa lako. Mimi nilikuwa na langu la kusema, nalo sikulisema: kwamba niliona nguo inaburuta tangu pale kwenye kona ya kwanza. Niliona. Nikasema tutafika."

Hilo sikulijua. Nilikuwa nimekaa na hatia yangu kama mali ya peke yangu, kumbe na yeye alikuwa na yake, na aliizuia kwa sababu nilizuia yangu. Tungesema siku ile, yangetoka yote mawili. Nilijaribu kumshika mkono. Aliniachia niushike, lakini ulikuwa mkono tu.

Nikapanda kwa bibi. Nikamwomba aturudishe kwenye vijito, atuchotee tena, nitalipa mbuzi.

"Ile si dawa ya dukani, kwamba umesahau kidonge urudi kesho," akasema. Alikuwa anachambua maharage na hakuinua uso. "Yule mama aliitwa, akaja, akasikiliza, akaambiwa kulikuwa na shimo. Sasa nimwite tena nimwambie nini? Kwamba wajukuu zangu walimdanganya?"

"Kukhu, uliniona nikimeza?"

"Macho yangu ni mazee, lakini koo la mtu linaonekana."

"Mbona hukunizuia?"

"Kazi yangu ni kuteka maji. Mdomo ni wa kwako." Kisha akaona nalia, akasogeza ungo, akanipa nafasi kwenye mkeka. "Maji ya pale yamekwisha. Lakini wale wenye mtu wao wapo. Nenda ukaseme kwao. Hapo hutanihitaji mimi."

Wenye mtu wao wako Budondo. Nilirudi Jinja nikiwa na nia ya kwenda. Nimefika mpaka stendi ya kwenda huko mara mbili, nikarudi. Mara ya tatu sikuhitaji hata kutoka kibarazani, kwa sababu wao walikuja. Wiki tatu zilizopita aliniletea kitambaa msichana mmoja mwenye mimba kubwa, akiwa na mumewe. Nilipoandika vipimo aliniambia yeye ndiye yule aliyekuwa amtambulishe mchumba wake siku ile, na kwamba sherehe ilifanyika baadaye, kimya kimya, shangazi mwingine akisimama mahali pa marehemu. "Shangazi alikuwa anakusifu sana," akasema. "Alisema hakuna fundi kama wewe Jinja nzima, ila unachelewesha." Akacheka, cheko lile lile la shangazi yake, la tumbo. "Basi mimi nimeleta mapema. Usiniharakishie. Ni ya kumpeleka mtoto kanisani."

Nikatikisa kichwa. Nikaandika: kifua, kiuno, urefu.

Nguo nimeimaliza. Upindo nimeupitisha mara mbili kwenye cherehani na mara moja kwa mkono. Imening'inia ukutani ninapoandika haya, na yeye atakuja kuichukua Jumamosi. Najua ninalopaswa kufanya. Kitu nisichokijua ni namna. Je, nimwambie kabla hajaivaa, mimba ile ikiwa karibu hivyo, au nisubiri ajifungue, na kusubiri huko kuwe ni kumeza kwa mara nyingine? Nisemapo "nangoja ajifungue", naisikia sauti yangu ya siku ile: nitamwambia kaka pembeni.

Ninyi mnaosoma, pengine kwenu kuna mzee anayeteka maji, au anayefanya kwa majivu, au kwa moto, au kwa maneno matupu. Pengine kati yenu yuko aliyepewa zamu yake akaimeza, kisha akapata njia ya kusema akiwa amechelewa. Niandikieni. Waliochapa maneno haya watanifikishia barua. Niambieni mlianza kwa neno gani, na yule mliyemwambia alifanya nini na uso wake. Najua barua zenu zitafika Jumamosi imekwisha kupita. Niandikieni hata hivyo, kwa mwandiko wowote.